Kodi za gitaa kwa mkono ulionao

"Maalim, vidole vyangu vifupi, kodi ya F haishikiki." "Vyangu vinene, nikiweka A nyuzi mbili zinazimika." "Kidole cha pete hakikunjiki tangu nilipoanguka mkarafuu, basi niache?"

Hapa Chake Chake maswali haya huyapata karibu kila wiki, na huyajibu barazani baada ya alasiri, mmoja mmoja, gitaa likipita mkono hadi mkono. Safari hii nayaandika, kwa sababu wanaouliza sasa wako Wete, Mkoani na Micheweni, na wengi hawana mwalimu karibu. Wenzetu wa Unguja angalau wanaweza kubisha hodi DCMA (Dhow Countries Music Academy), skuli ya muziki iliyoanza mwaka 2002. Wengine wote mwalimu wao ni picha ya kodi kwenye simu.

Na picha hiyo ndiyo inayowaumiza. Inaonyesha vidole vya mtu mmoja, mwenye mkono wa kiasi, kwenye gitaa lililo sawa. Mwanafunzi anajipinda afanane na picha, asipofanana anasema mkono wake mbovu. Kodi si picha. Kodi ni sauti tatu, mara nyingine nne, zinazolia pamoja. Kodi ya C ni sauti za C, E na G. Ukizipata kwa vidole vitatu, viwili au kimoja, sikio halina habari ni kidole kipi kilichobonyeza. Wazee wetu walipima vitu kwa shibiri na futuri, na kila mmoja alijua kuwa shibiri yake si ya mwenzake. Gitaa nalo ulipime kwa mkono wako.

Vya kuwa navyo

- Gitaa la nyuzi sita, la chuma au la nailoni.
- Programu ya kutyunia, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, kwenye simu.
- Rula, au futi ya fundi cherehani.
- Kadi za benki tano. Azima kwa jamaa, utazirudisha baada ya dakika mbili.
- Kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote sita kwa pamoja. Ikiwa huna, penseli na mpira wa kufungia noti: laza penseli juu ya nyuzi nyuma ya freti (vile vyuma vilivyokatiza shingoni), uikaze kwa mpira kwa chini ya shingo. Si nzuri kama kapo, lakini kwa majaribio inatosha.
- Kikata kucha. Mkono unaobonyeza haukubali kucha hata kidogo. Hina haina neno, kucha ndizo zenye neno.
- Kitambaa kikavu cha pamba, na daftari.

Namna ya kusoma namba zangu

Kila kodi nitaiandika kwa alama sita, kuanzia uzi mnene (uzi wa 6) mpaka uzi mwembamba (uzi wa 1). Namba ni freti, 0 ni uzi unaopigwa wazi, x ni uzi usiopigwa. Kwa hiyo C ya kawaida ni x32010. Vidole: 1 ni shahada, 2 cha kati, 3 cha pete, 4 cha mwisho. Sisemi mkono wa kushoto wala wa kulia; nasema mkono unaobonyeza na mkono unaopiga, ili mashoto nao wasome bila kugeuza maneno.

Hatua ya 1: Lipime gitaa kabla ya mkono

Tyuni gitaa, kisha lilaze mapajani. Panga kadi za benki moja juu ya nyingine, uzipitishe baina ya uzi wa 6 na chuma cha freti ya 12. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76 hivi. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, kadi tatu zikipita bila kuunyanyua uzi, gitaa liko sawa. Zikipita tano kwa raha, nyuzi ziko juu mno na mkono wowote utateseka. Gitaa la nailoni huwa juu zaidi kwa desturi, hapo kadi tano si ajabu.

Halafu tazama kizingiti. Naita hivyo kile kijipande cha mfupa au plastiki kilicho baina ya shingo na kichwa, chenye vijifereji vya kupitishia nyuzi. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 3, ukitazama uwazi uliobaki juu ya chuma cha freti ya 1. Uwe mwembamba kama unywele. Ukiona uwazi wa wazi kabisa, kizingiti kiko juu, na kodi zote za freti ya kwanza zitakuwa ngumu, F kuliko zote.

Lipo jaribio jengine ambalo halihitaji jicho la fundi. Tia kapo kwenye freti ya 1, ushike umbo la F freti moja mbele. Ikiwa lililokataa sasa linalia, mkono wako hauna kosa lolote. Kosa ni la kizingiti.

Mie niliambiwa na mtu aliyekuwa akinifundisha, mbele ya wenzangu, kwamba mkono wangu haukuumbiwa gitaa. Nikaliweka juu ya kabati miaka miwili. Siku fundi alipokichonga kile kizingiti kwa tupa ndogo, kazi ya robo saa, F ililia jioni ile ile. Bado naumia nikiikumbuka miaka ile miwili, na ndiyo maana simruhusu mwanafunzi kuiruka hatua hii.

Angalia: kijifereji cha kizingiti kikichongwa kupita kiasi, uzi utavuma kila ukipigwa wazi na dawa yake ni kizingiti kipya. Mpe fundi, na umwambie apunguze kidogo kidogo huku akijaribu.

Angalia tena: usitie nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu tu ndizo ulizozipata. Mvuto wake ni mkubwa mno. Shingo hupinda au daraja, kile kipande cha tumboni zinapofungwa nyuzi, hung'oka. Ukiwa na gitaa la chuma na vidole vinauma, tafuta seti nyembamba, ile ambayo uzi wa 1 una inchi 0.010 badala ya 0.012. Tofauti utaihisi siku hiyo hiyo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, zifute nyuzi kwa kitambaa kila ukimaliza, maana uzi wenye kutu hukwaruza ngozi na hautyuniki vizuri.

Hatua ya 2: Sasa upime mkono

Kunja vidole kama unavyobonyeza, kisha vitawanye bila kuvilazimisha, upime kutoka ncha ya shahada hadi ncha ya kidole cha mwisho. Usipime mkono ukiwa umenyooka juu ya meza, utajidanganya. Mkono uliokunjwa hupungua.

Linganisha na gitaa. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 650 kutoka kizingitini hadi darajani, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni sentimita 9.8. Kutoka ya 3 hadi ya 6 ni 8.7. Kutoka ya 5 hadi ya 8 ni 7.7 tu. Basi mkono usiofika chini unafika juu, kwenye gitaa lile lile. Hizi namba tatu ziandike kwenye daftari, tutazirudia kwenye kapo.

Upana nao una maana. Shingo ya gitaa la chuma penye kizingiti huwa na milimita 43 au 44. Ya nailoni huwa 52 hivi. Weka ncha ya kidole kwenye uzi wa 3, freti ya 2. Ikiwa kidole kimegusa uzi wa 2 au wa 4 hata kikisimama wima, wewe ni wa vidole vinene, na gitaa la nailoni litakupa nafasi ambayo la chuma linakunyima.

Hatua ya 3: Kaa

Barazani watu hukaa wameegemea ukuta, gitaa limelala tumboni, shingo yake inaelekea chini. Ukikaa hivyo kifundo cha mkono kinapinda na vidole vinapoteza urefu. Kaa ukingoni, inua mguu wa upande wa shingo kwa kuuweka juu ya tofali au kigoda, na kichwa cha gitaa kipande karibu na usawa wa macho yako. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, katikati, mkabala na kidole cha kati. Mwenye mkono mfupi akishusha gumba hadi katikati ya mgongo wa shingo ataona vidole vimerefuka papo hapo.

Hatua ya 4: Tafuta nguvu ndogo inayotosha

Gusa uzi bila kuubonyeza, upige: utasikia mlio mfu. Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu taratibu mpaka sauti itakate. Hapo ndipo pa kusimama. Wanaoanza wengi hutumia nguvu maradufu ya hiyo, kisha hulaumu mkono kwa kuchoka.

Bonyeza karibu kabisa na chuma, kwa nyuma yake, si juu yake wala katikati ya nafasi. Waliotoka kwenye udi hupata tabu hapa, kwa sababu udi hauna freti na kidole hukaa pale pale penye sauti. Kwenye gitaa chuma ndicho kinachokata sauti, kidole kinasukuma tu.

Hatua ya 5: Chagua vidole kwa mkono wako

Hii ndiyo hatua yenyewe. Soma sehemu inayokuhusu, na nyingine uzipitie, maana mikono mingi ina mchanganyiko.

*Mkono mfupi.* Kanuni ni moja: acha nyuzi nene kwanza. Sauti za kodi hujirudia kwenye nyuzi sita, na ukiacha za juu, zilizobaki mara nyingi zinatosha.

C: badala ya x32010, shika xx2010, vidole 2 na 1 tu. Bado ngumu? xxx010, kidole kimoja. Zinalia G, C na E, kodi kamili.

G: badala ya 320003, shika xx0003 kwa kidole cha 3. Zinalia D, G, B na G.

Dm: xx0231, lakini freti ya 3 iwekee kidole cha 4 badala ya cha 3. Kidole cha mwisho ndicho kilicho karibu, watu hukisahau kwa kuwa ni dhaifu.

Nina mwanafunzi wa miaka 9. Siku ya kwanza alinijia na picha ya G kwenye simu ya mama yake, akakunja kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ikawa nyeupe, na bado ilikuwa upana wa punje ya mchele kabla ya chuma cha freti ya 3. Nilimwambia aache nyuzi mbili za juu asizipige kabisa. Akaweka kidole kimoja kwenye uzi wa 1, akapita na risha kwenye nyuzi nne za chini, akanitazama kama nimemdanganya, kwa sababu ilikuwa ni G ile ile. Juma lile aliondoka na G, C na Em, na akaweza kumwimbia mdogo wake wimbo mzima.

Utakachopoteza ni uzito wa chini. xx2010 inaanzia E, si C, kwa hiyo mtu anayepiga peke yake ataisikia nyepesi. Ukiwa na mwenzako wa besi, wala hakuna atakayeukosa.

*Vidole vinene.* Hapa tatizo si kufika, ni kubanana. Mvuvi mmoja wa Wesha, vidole vimejaa kwa kuvuta mishipi tangu utotoni, alikuwa akijaribu kutia vidole vitatu kwenye freti moja kwa ajili ya A. Haviingii. Havitaingia kesho wala mwakani.

A (x02220): laza kidole cha 1 juu ya nyuzi za 4, 3 na 2 kwa pamoja, freti ya 2. Uzi wa 1 utazimika. Uache uzimike, E yake tayari iko kwenye uzi wa 4. Wengine hupenda kulaza kidole cha 3, jaribu vyote viwili.

D (xx0232): laza kidole cha 1 juu ya nyuzi tatu za chini, freti ya 2, kisha kidole cha 3 kwenye uzi wa 2, freti ya 3. Vidole viwili badala ya vitatu.

Em (022000): kidole kimoja kilichonenepa kinalala sawasawa juu ya uzi wa 5 na wa 4. Mwembamba hawezi hivi kirahisi.

G: 3x0003. Kidole cha 2 kwenye uzi wa 6, na ubavu wake uguse uzi wa 5 kidogo ili uzimike. Kidole cha 3 au cha 4 kwenye uzi wa 1. Hujapoteza kitu: B uliyoiacha kwenye uzi wa 5 inalia kwenye uzi wa 2 ulio wazi.

Yule mvuvi sasa anapiga A safi kuliko mie.

*Vidole virefu.* Nyinyi mna neema moja, gumba. Kwenye F mnaweza kulileta gumba kwa juu ya shingo libonyeze uzi wa 6, freti ya 1, na kidole cha 1 kikashughulika na nyuzi mbili za chini tu. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alikuwa akizishika kodi zake nyingi namna hii. Tahadhari yenu ni viungo vya ncha kubonyea ndani. Kidole kiwe upinde muda wote.

*Kidole kigumu, kilichokatika au kisichopo.* Usiache. Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, aliungua mwaka 1928 moto ulipowaka kwenye gari alilokuwa akiishi, mwaka ule ule Siti binti Saad wetu alipovuka kwenda Bombay kurikodi santuri. Kidole chake cha pete na cha mwisho havikurudi kufanya kazi sawasawa. Solo zake akazipiga kwa shahada na cha kati, vile viwili akivisaidizia kodi kwenye nyuzi nyembamba, na mpaka leo wapiga gitaa wazima wanahangaika kumfuata. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Birmingham, alikatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wake unaobonyeza. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatia nyuzi nyembamba, baadaye akashusha tyuni ili zilegee zaidi.

Hizi hapa kodi zinazoshikika kwa vidole viwili vyovyote vinavyokunjika:

- Em: 022000
- E7: 020100
- Am7: x02010, inasimama vizuri mahali pa Am
- A7: x02020
- C: xx2010
- G: xx0003, kidole kimoja
- D: xx0232 kwa kulaza, kama nilivyoeleza kwa vidole vinene
- F: xxx211, kidole kimoja kimelala kwenye nyuzi za 2 na 1, kingine uzi wa 3

Kwa hizo nane unaimba karibu nyimbo zote zinazopigwa barazani.

Na ikiwa vidole vyote vina maumivu ya viungo, badilisha tyuni badala ya vidole. Shusha uzi wa 6 kutoka E hadi D, uzi wa 5 kutoka A hadi G, uzi wa 1 kutoka E hadi D. Nyuzi zote zikiwa wazi gitaa linalia G. Laza kidole kimoja freti ya 5, ni C. Freti ya 7, ni D. Nyuzi zimelegezwa tu, hakuna uliokazwa, kwa hiyo hofu ya kukatika haipo. Mzee mmoja jirani yangu anapiga hivi kila jioni, mkono wake haujakunja ngumi kwa miaka.

*Mashoto.* Mna njia tatu, na zote ni halali. Kwanza, kupiga kama watu wa kulia. Mkono wenu mwepesi ndio utakaobonyeza, na wengi wamefika mbali hivyo. Pili, kununua gitaa la mashoto, ukilipata. Tatu, kuligeuza la kawaida na kupanga nyuzi upya. Ukichagua ya tatu, kizingiti nacho kibadilishwe, kwa sababu kijifereji cha uzi wa 1 hakiwezi kuubeba uzi wa 6. Asikulazimishe mtu kwa kusema mkono wa kushoto si wa adabu. Kwenye gitaa mikono yote miwili inafanya kazi.

Hatua ya 6: F na Bm

Kwa kodi hizi mbili watu wengi huacha gitaa. Zipande kama ngazi, usiruke.

F: anza na xxx211. Ikitakata, nenda xx3210. Hii ina utamu zaidi kidogo kuliko F kavu, na kwenye nyimbo za taratibu inapendeza. Kisha xx3211, kidole cha 1 kimelala kwenye nyuzi mbili. Mwisho 133211, bare kamili, yaani kidole cha 1 kimelala juu ya nyuzi zote sita. Ukikaa ngazi ya tatu maisha yako yote, hujapungukiwa.

Kwa wanaoitaka bare kamili: kidole cha 1 kilaze kwa ubavu wake ulio upande wa gumba, penye mfupa, si kwa tumbo laini. Kumbuka nyuzi za 5, 4 na 3 tayari zina vidole vyengine, kwa hiyo kinatakiwa kubana uzi wa 6, wa 2 na wa 1 tu. Nguvu itoke kwenye mkono mzima, kiwiko kikivutwa kidogo kuelekea kiunoni, si kwa kubana gumba. Ni kama kuchambua karafuu: ukitegemea ncha za vidole peke yake, asubuhi huwezi kushika kikombe, ndiyo maana tunazisukumia kiganjani.

Na usianzie freti ya 1. Shika umbo lile lile freti ya 5 (577655, ni A), ambapo freti ni nyembamba na uzi ni laini. Kila baada ya siku chache rudi nyuma freti moja.

Bm: xx0432, vidole 3, 2 na 1 kama ngazi inayoteremka. Au x20202, ambayo ni Bm7 lakini inasimama vizuri mahali pa Bm. Ile x24432 ya kwenye picha isubiri.

Hatua ya 7: Kapo, rafiki wa mkono mfupi

Rudi kwenye zile namba za hatua ya 2. Ukitia kapo freti ya 3, uzi wa milimita 650 unabaki na 547 hivi, na gitaa la mtu mzima linakuwa kama la mtoto. Freti zote ulizobakiwa nazo ni nyembamba zaidi, na kizingiti kibaya hakikuhusu tena.

Mfano: wimbo una F, B flati na C, zote za tabu. Tia kapo freti ya 3, upige D, G na A. Anayesikiliza anasikia F, B flati na C zile zile. Kila freti moja ya kapo inapandisha sauti nusu hatua, basi hesabu kwa vidole.

Kapo ikae nyuma tu ya chuma, na utyuni upya baada ya kuikaza. Wengi husahau, kisha husema kapo inaharibu sauti.

Hatua ya 8: Andika kitabu chako

Kodi iliyo rahisi peke yake inaweza kuwa ngumu ukitoka nyingine. Ndiyo maana vidole huchaguliwa kwa wimbo. G ukiishika kwa vidole 3, 2 na 4 (cha 3 uzi wa 6, cha 2 uzi wa 5, cha 4 uzi wa 1), kwenda C ni kuvishusha cha 3 na cha 2 uzi mmoja mmoja, na kuongeza cha 1. Kutoka Am kwenda C kidole cha 1 na cha 2 havitikisiki kabisa, kinahama cha 3 tu. Tafuta kidole kinachobaki, kiwe nanga.

Kwa kila wimbo andika kodi zake na namba za vidole vyako wewe. Halafu chukua kodi mbili, weka saa dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi kwa sauti safi. Zilizozimika usizihesabu. Dakika moja asubuhi na moja usiku zinazidi saa nzima ya Ijumaa peke yake.

Ikikataa

*Kodi nzima inasikika chafu.* Usipige yote tena na tena. Piga uzi mmoja mmoja kutoka wa 6 hadi wa 1 huku umeshika. Utampata mkosaji, mara nyingi ni mmoja, na sababu ni kidole cha jirani kimeulalia. Msimamishe huyo jirani wima.

*Uzi unavuma.* Sogea karibu na chuma. Ukivuma hata hapo, jaribu freti nyengine. Ukivuma sehemu moja tu ya shingo kwa kidole chochote, ni freti iliyonyanyuka, kazi ya fundi.

*Umeshika sawa lakini haifanani na wimbo.* Kwanza tyuni. Pili, huenda aliyerikodi ana kapo au ameshusha tyuni. Tafuta uzi mmoja unaolingana na sauti yake, uanzie hapo.

*Kidole cha mwisho kinaruka mbali.* Kinaruka kwa sababu mkono mzima umekaza. Rudi hatua ya 4, ukitafuta nguvu ndogo tena.

*Vidole vinauma.* Ncha kuwaka wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi inajijenga. Piga dakika kumi, pumzika, rudi tena. Msimu wa karafuu, ukirudi na ngozi imechubuka, ipe siku mbili. Lakini maumivu ya kifundo, ganzi, au vidole kuwasha kama umekalia mkono, hayo si ya kuvumilia. Acha siku hiyo, tazama namna unavyokaa, na yakirudi muone daktari kabla ya kuligusa gitaa tena.

*Umejaribu kila umbo la kodi moja na yote yamekataa.* Iruke. Kwenye wimbo wa kodi nne, pumzisha mkono pale ilipo hiyo moja, piga tu mdundo juu ya nyuzi zilizozimwa, uendelee na inayofuata kwa wakati wake. Baada ya mwezi irudie kwa kapo.